Mzee Mmoja, Yule Mzee

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Brown kule Marekani waliwahi kukusanya maandishi ya Kiingereza yaliyochapishwa mwaka 1961, ya magazeti, riwaya, vitabu vya dini na ripoti za serikali, yakafika maneno kama milioni moja. Walipoyahesabu waliona kwamba karibu maneno 7 katika kila 100 yalikuwa neno lile lile moja, "the". Neno lililolifuata kwa wingi, "of", lilikuwa kama nusu yake tu. Mwingereza halisikii hilo neno lake. Hulitamka upesi, ulimi ukiwa umeshaelekea kwenye neno la mbele. Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili ndio tunaolisikia, maana linatuhangaisha: liwepo lini, lisiwepo lini, nafasi yake ishikwe na "a" lini, na lini nomino iachwe ikae peke yake.

Nimeshinda miaka na insha za Kiingereza za wanafunzi wa sekondari, na najua kalamu nyekundu ya mwalimu hutua wapi. "She gave me an advice." "All furnitures were burnt." "I went to the market to buy maizes." "He is teacher." Kila moja ya sentensi hizi inaeleweka, na kila moja huandikwa na kijana mwenye akili zake aliyekariri kanuni zote alizopewa. Kwamba "a" hutangulia konsonanti na "an" hutangulia irabu. Kwamba mito, bahari na safu za milima huchukua "the", ndiyo maana tunasema "the Nile", "the Indian Ocean" na "the Usambara Mountains", ilhali ziwa moja na mlima mmoja havichukui kitu: "Lake Victoria", "Mount Kilimanjaro". Kwamba maji, sukari na mchele havihesabiki. Kanuni hizo ni za kweli. Ila hazimwambii mwanafunzi maneno haya madogo, ambayo wanasarufi wetu huyaita vibainishi, yanafanya kazi gani.

Kazi yake ni kujibu maswali mawili. La kwanza: kitu hiki ninachokitaja, ninakiona kama kitu kimoja chenye mwanzo na mwisho wake, au ninakiona kama kitu kilichotandaa tu, kisicho na ukingo? La pili: wewe unayenisikiliza, unajua ninamaanisha kipi? Nashikilia kwamba mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili ameshayajibu maswali yote mawili mara elfu kabla hajavaa sare ya shule, na kwamba tunamkosea tunapomfundisha vibainishi kana kwamba ni mambo mageni kabisa kwake.

Nianze na swali la pili, kwa kuwa ndilo jepesi. Sikiliza bibi anavyoanza hadithi. Hapo zamani za kale palikuwa na mzee mmoja. Hakuna anayeuliza kwa nini mmoja, wala hakuna anayedhani bibi anahesabu wazee. Neno "mmoja" limewekwa hapo kumwambia msikilizaji: huyu humjui bado, ninakuletea sasa. Mzee mmoja alikuwa na binti mmoja, nao walikaa katika kijiji kimoja kando ya msitu. Sentensi ya pili au ya tatu ikifika, mambo yanabadilika. Sasa ni yule mzee. Yule mzee akamwita yule binti. Tangu hapo husikii tena "mzee mmoja" mpaka hadithi ilete mzee mwingine. Bibi akikosea, akaanza moja kwa moja kwa kusema yule mzee alikuwa na binti, wajukuu watamkatiza hapo hapo: mzee yupi?

Huo ndio mpango mzima wa "a" na "the". Tena undugu huu unakwenda mbali, hadi kwenye asili. Kiingereza cha kale hakikuwa na "a". Kilikuwa na neno "ān", lenye maana ya moja, na watu walilitumia kuingizia jambo jipya kama bibi anavyotumia "mmoja". Kwa kutamkwa bila mkazo miaka nenda miaka rudi, neno hilo likapasuka mapande mawili: moja likabaki kuwa namba, "one", jingine likasinyaa likawa "an", kisha "a" mbele ya konsonanti. Kwa hiyo "an" ndiyo ya zamani, na "a" ni "an" iliyopoteza herufi, ingawa darasani tunafundisha kinyume. Na "the" nayo ilianza kama kionyeshi, ndugu wa "yule". Kifaransa kilipita njia hiyo hiyo kutoka Kilatini, lugha ambayo haikuwa na vibainishi hata kimoja: neno la moja likazaa "un", na neno la yule likazaa "le". Kiswahili kimesimama mahali ambapo lugha hizo zilisimama zamani, na hakuna kinachokilazimisha kuendelea mbele. Kinakisema kibainishi kinapokihitaji, kisipokihitaji kinanyamaza.

Zaidi ya hapo tunacho kiambishi cha mtendwa, ambacho wengi hatukifikirii. Nikisema nimesoma kitabu, nimekueleza nilivyoutumia muda wangu. Nikisema nimekisoma kitabu, wewe na mimi tunakijua kitabu chenyewe, labda ni kile ulichoniazima. Herufi mbili ndani ya kitenzi zimefanya kazi ya "the". Na tumezungukwa na vibainishi vya watu wengine bila habari: alfajiri, alasiri na Alhamisi zimebeba mwanzoni mwake "al" ya Kiarabu, ambayo ndiyo "the" ya lugha hiyo, wakati kitabu na kalamu ziliiacha huko zilikotoka. Anayesema "alfajiri ile" amebainisha mara mbili.

Swali la kwanza, la ukingo, ndilo gumu, na ndilo linalozaa "furnitures" na "advices".

Kiingereza kina kanuni moja ambayo, kwa maoni yangu, inazidi nyingine zote kwa uzito: nomino inayohesabika, ikiwa katika umoja, haiwezi kusimama uchi. Lazima ishikwe na "a", au "the", au "my", au "this", au kitu cha aina hiyo. Zipo semi chache zinazoikwepa, kama "by bus" na "at home", lakini kanuni yenyewe ni ngumu. Ndiyo maana "He is teacher" inamuuma Mwingereza sikio. Mwanafunzi wetu anaona "teacher" ni neno kamili, kama mwalimu lilivyo kamili. Sivyo. Kwa Mwingereza, "teacher" bila kibainishi ni kama shina lisilo na kiambishi kwetu. Jaribu kusema "nimepanda ti". Kila mtu atakukodolea macho, kwa sababu "ti" peke yake haijawa kitu. Iwekee "m" ipate kuwa mti, "mi" ipate kuwa miti, "ki" ipate kuwa kiti. Kiambishi ndicho kinachotuambia ni kitu cha namna gani na kama ni kimoja au vingi. "A" inafanya sehemu ya kazi ambayo kwetu inafanywa na ngeli.

Ngeli zenyewe zinalijua swali la ukingo tangu asili. Mtu ana mwisho wake, na watu wanahesabika. Utu hauna ukingo, hakuna anayesema utu watatu. Mzee na uzee, mtoto na utoto, mgonjwa na ugonjwa. Ingawa hilo la mwisho limevuka likawa na magonjwa, kwa sababu hospitali inataka kuyahesabu. Maji, mafuta na maziwa yamekaa pamoja katika sura ya wingi ingawa hayahesabiki, na Mwingereza anayejifunza Kiswahili hushangaa kuambiwa maji haya yamemwagika, wakati yeye kwao "water" ni umoja siku zote.

Nani basi anayeamua kipi kina ukingo na kipi hakina? Mtu angetegemea kwamba ulimwengu wenyewe ndio unaoamua. Nenda kwa wauza nafaka ukasimame mbele ya magunia yaliyofunguliwa midomo. Gunia la mchele ni mchele huu, umoja. Ulezi huu, mtama huu. Gunia la pembeni ni maharage haya, wingi, na lile la tatu ni kunde hizi, choroko hizi, dengu hizi. Mtama ni punje, choroko ni punje, ukubwa wao haupishani sana, wala hakuna mnunuzi anayehesabu punje za chochote kati ya hivyo. Vyote vinapimwa kwa kilo. Hata hivyo lugha imevigawa. Sasa vitazame kwa Kiingereza: "rice", "millet" na "wheat" havihesabiki, "beans" na "lentils" vinahesabika, na kuna nafaka iitwayo "oats", jamaa wa ngano, ambayo ni wingi wakati ngano ni umoja. Kisha uje kwenye mahindi, hapo ndipo lugha zetu zinapoachana. Kwetu hindi ni moja, unaliona, unalichoma, unalitafuna ukingo kwa ukingo. Kiingereza kimelifanya "maize" kuwa kitu kilichotandaa. Kijana anayeandika "maizes" anaona kwa macho ya Kiswahili na anaandika kwa herufi za Kiingereza. Macho yake ni mazima.

Ndivyo ilivyo kwa mkate. Tunanunua mikate miwili bila wasiwasi. Mwingereza hana "two breads", anatafuta neno la kupimia, "loaf", kama sisi tunavyosema mche wa sabuni au punje ya mchele. Mizigo yetu inahesabika, "luggage" haihesabiki. Taarifa tatu tunazo, "information" haina tatu. Vifaa, samani, nywele, habari: orodha ni ndefu. Asidhani mtu kwamba Mwingereza ana sababu ya kina kuliko yetu. Mfaransa, jirani yake wa ng'ambo ya mlango wa bahari, anahesabu samani zake, taarifa zake na nywele zake moja moja bila shida. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, aliandika kuhusu mgawanyo huu katika kitabu chake cha falsafa ya sarufi mwaka 1924, akiita upande mmoja maneno ya vitu na upande mwingine maneno ya fungu. Fungu ni neno zuri. "Furniture" kwa Mwingereza ni fungu la vitu vya nyumba, na mtu akitaka kitu kimoja ndani ya fungu hilo lazima akichomoe kwa neno jingine: "a piece of furniture".

Tena mipaka hii haikuchongwa kwenye jiwe. Zamani Waingereza walikuwa na neno "pease", la fungu, kwa ajili ya njegere. Masikio ya watu yakaikamata ile sauti ya "s" mwishoni yakadhani ni alama ya wingi, na kufikia karne ya 17 walikuwa wameshajitengenezea umoja mpya ambao haukuwahi kuwepo, "pea". Sisi tumefanya hivyo hivyo gereji. Mafundi walilipokea neno "mudguard" likawa madigadi, na kwa kuwa linaanza na "ma" kama magari na madirisha, tukaona bila shaka moja litakuwa digadi. Barabarani "keep left" ikawa kipilefti, na wingi wake ukatokea wenyewe, vipilefti. Kibainishi nacho kimewahi kula na kutapika herufi za majirani zake. Aproni ya Kiingereza ilikuwa "a napron", watu wakasikia "an apron", na "n" ikahama nyumba mpaka leo. Nyoka aitwaye "adder" alipoteza "n" yake kwa njia hiyo hiyo. Nayaeleza haya kwa sababu nimeona vijana wakiamini kwamba Kiingereza kimeshushwa kikiwa kamili na kwamba Kiswahili chao ndicho kinachowaangusha. Lugha zote mbili zimetengenezwa na masikio ya watu wa kawaida.

Baya kuliko yote katika orodha za darasani ni kudai kwamba neno lenyewe linahesabika au halihesabiki, basi. Chai, tunafundisha, haihesabiki. Ingia mgahawani: chai mbili, chapati nne. Mwingereza naye anaagiza "two teas" bila haya. Kilichohesabiwa ni vikombe, na neno limeazimwa. Upande wa pili, kitu chenye ukingo kinaweza kuuvua. "I ate a chicken" ni kuku mzima, na mifupa yake. "I ate chicken" ni nyama ya kuku, labda paja moja. Kiswahili kinaliacha hilo wazi, nimekula kuku, na ndiyo maana mhudumu lazima aulize: mzima, nusu au robo? Kuna maneno ambayo ile "a" inayabadilisha kabisa. "Iron" ni chuma, "an iron" ni pasi. "Glass" ni kioo, "a glass" ni glasi. "Paper" ni karatasi, "a paper" ni gazeti. Sisi tumechagua kuwa na maneno tofauti. Wao wamechagua kuongeza sauti moja. Na ile "a" ya "a few" inageuza hata hisia. "Few people came" ni malalamiko, watu hawakuja. "A few people came" ni shukrani, angalau walikuja.

Mfano mkubwa kuliko yote wa uzito wa sauti hiyo haukutokea duniani. Neil Armstrong alikanyaga mwezi usiku wa Julai 20, 1969 kwa saa za Marekani. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa alfajiri ya Julai 21, saa 12 kasoro dakika 4. Sauti iliyofika duniani ilisema: "That's one small step for man, one giant leap for mankind." Tatizo liko kwenye "man". Likiwa na "a", ni mtu mmoja, yeye Armstrong na buti lake. Likiwa halina, linapoteza ukingo na kuwa wanadamu kwa jumla, na hapo nusu ya kwanza ya sentensi inasema hatua ndogo kwa wanadamu, wakati nusu ya pili inasema kuruka kukubwa kwa wanadamu hao hao. Armstrong mwenyewe alishikilia kwamba alikusudia kusema "a man". Mwaka 2006 mtaalamu wa kompyuta wa Australia, Peter Shann Ford, alichambua mawimbi ya ile sauti akasema ameiona "a", fupi mno kwa sikio kuisikia. Wengine hawakukubali, na mjadala haujafungwa. Binafsi naamini kwamba aliikusudia. Ninachokitazama zaidi ni kwamba kwa Kiswahili tatizo lisingezuka. Asingeweza kutamka mtu bila ile "m" inayomfanya kuwa mmoja. Mtu, watu, utu: hakuna kelele za redio zinazoweza kumpotezea ukingo wake.

Kuna mahali ambapo kibainishi kimoja kimegharimu zaidi ya hapo. Novemba 22, 1967 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwa kauli moja azimio namba 242, baada ya vita vya Juni mwaka huo, likitaja kuondoka kwa majeshi ya Israeli. Maandishi ya Kiingereza yanasema "from territories occupied", pasipo "the". Maandishi ya Kifaransa yanasema "des territoires occupés", na ndani ya hiyo "des" mna kibainishi. Maeneo yote yaliyotwaliwa, au maeneo fulani tu? Wanasheria na mabalozi wamebishana juu ya nafasi hiyo iliyoachwa wazi tangu siku zile. Na kwetu pia vibainishi vina nguvu ya sheria: Katiba ya Kenya ya 2010 inaeleza katika ibara ya 259 kwamba tafsiri zikigongana, toleo la Kiingereza ndilo litakaloshinda. Mwananchi anayeisoma kwa umakini anapaswa kujua "a person" ni nani na "the person" ni nani.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba haya ni mapambo, kwamba maadamu tunaelewana basi. Tunaelewana sokoni. Kwenye mkataba wa kazi, kwenye hati ya kiwanja, kwenye maelekezo ya dawa, ukingo wa kitu na ujuzi wa msikilizaji ndiyo mambo yenyewe. Wala sikubaliani na wanaomcheka kijana wa "furnitures". Nchini Tanzania mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha anaingia sekondari na karibu kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe, linageuka kuwa la Kiingereza. Anadaiwa "the" kwenye biolojia kabla mtu hajamweleza "the" ni kitu gani.

Walimu wenzangu wa Kiingereza, nawaomba jambo moja. Muhula ukianza, leteni darasani hadithi moja ya Kiswahili ambayo wanafunzi wameisikia kwao. Waambieni wapige mstari chini ya kila "mmoja", kila "yule" na kila "huyo", na waeleze kwa nini msimulizi aliliweka hapo. Kisha waisimulie kwa Kiingereza. Kipindi kinachofuata leteni mchele, maharage na hindi, waulizeni kila kimoja kina ukingo kwa macho ya nani. Waruhusuni kujibu kwa Kiswahili. Orodha ya mito na milima ibaki, ila ifundishwe mwisho.